Mwongozo Kamili wa Kupanga Njia ya Abiria Wanaoondoka Katika Jengo la Kiwanja cha Ndege

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, una Kiambatisho cha 9 kinachohusu urahisishaji wa safari, na humo mna pendekezo ambalo kila anayesanifu jengo la abiria anapaswa kulibandika juu ya meza yake: taratibu zote za lazima za abiria wa kimataifa anayeondoka zikamilike ndani ya dakika 60, kuanzia anapojitokeza kwenye kituo cha kwanza cha huduma au ukaguzi, iwapo hana jambo linalohitaji kushughulikiwa kwa namna ya pekee. Dakika hizo 60 ndizo bajeti ya mwongozo huu. Wanaozitumia ni wengi: shirika la ndege, idara ya uhamiaji, walinzi wa usalama wa anga, forodha, maofisa wa afya, na umbali wenyewe ambao abiria anautembea kwa miguu.

Mwongozo unawahusu wasanifu, wahandisi na mameneja wanaopanga au kukarabati jengo la ukubwa wa kati, kama yale tuliyo nayo Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba foleni haiondolewi kwa kujenga ukumbi mpana zaidi, bali kwa kulinganisha uwezo wa kila kituo na kituo kinachokifuata. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuanza na umbo la paa, kisha kutafuta mahali pa kuwaweka watu chini yake.

Hatua ya 1: Chora safari ya abiria kabla ya kuchora kuta

Chukua karatasi na uandike kila mahali ambapo abiria atalazimika kusimama, kwa mpangilio wake: anaposhushwa na gari, mlango wenye mashine ya eksirei, kaunta za chekini anapoonyesha tiketi na pasipoti na kukabidhi mizigo, dirisha la uhamiaji, ukaguzi wa usalama wa mwili na mizigo ya mkononi, ukumbi wa kusubiri, geti, na mlango wa ndege. Mbele ya kila kituo andika nani anakisimamia, kila abiria huchukua sekunde ngapi, anatakiwa kushika nyaraka gani mkononi, na nini kinatokea asipofaulu hapo.

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linaloziba njia. Abiria aliyeambiwa kwamba begi lake limezidi uzito hulifungua palepale mbele ya kaunta, na watu wote walio nyuma yake husimama. Dawa yake ni ndogo na rahisi: mizani na meza pana kabla ya kuingia kwenye foleni, ili anayehitaji kupunguza mzigo afanye hivyo pembeni. Vivyo hivyo, abiria ambaye viza yake ina dosari anahitaji chumba cha kuhojiwa kilicho jirani na dirisha la uhamiaji, na aliyesahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano anahitaji kujua aende wapi bila kukatiza mkondo wa wenzake. Kwenye mchoro wako, kila kituo kiwe na njia mbili za kutokea, moja ya waliofaulu na nyingine ya waliokwama.

Hatua ya 2: Tafuta saa ya kilele, usidanganywe na takwimu za mwaka

Majengo ya abiria hutangazwa kwa idadi ya abiria wa mwaka. Jengo la Tatu la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, JNIA, lililofunguliwa Agosti 2019 jijini Dar es Salaam, lilijengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Tukiigawa idadi hiyo kwa siku 365 tunapata abiria 16,438 kwa siku. Nusu yao wakiwa wanaoondoka ni 8,219, na kwa saa 24 wastani ni abiria 342 kwa saa. Hesabu ni sahihi, lakini haifai kupangia kaunta, kwa sababu ndege haziondoki kwa usawa mchana na usiku. Huja kwa mawimbi: ndege za kuelekea Ulaya huondoka zaidi usiku, za Ghuba zina ratiba zinazofuata miunganisho ya Dubai au Doha, na za kukodiwa na watalii hufuata msimu.

Kwa hiyo chukua ratiba halisi ya safari za ndege na utafute saa ambayo abiria wengi zaidi huingia jengoni. Usichague siku moja iliyojaa kupita zote mwakani, kwa maana utajenga eneo litakalokaa tupu siku zinazobaki. Utaratibu unaokubalika na wengi ni kupanga saa zote za mwaka kuanzia yenye msongamano mkubwa, kisha kuichukua ile ya 30.

Tuchukue mfano utakaotufuata hadi mwisho. Jioni moja ndege tatu zinaondoka zikiwa zimekaribiana: Boeing 787-8 yenye viti 262, Boeing 737 MAX 9 yenye viti 181, na Airbus A220-300 yenye viti 132, kwa mpangilio wa viti unaotumiwa na Air Tanzania. Jumla ni viti 575. Zikijaa kwa asilimia 85, tuna abiria wapatao 490. Tuchukulie kwamba asilimia 60 kati yao wanaingia jengoni ndani ya saa moja ileile: hao ni takriban 300, na hiyo ndiyo saa yetu ya kilele.

Asilimia hiyo 60 usiinakili popote. Weka watu mlangoni wahesabu wanaoingia kila baada ya dakika 15, kwa wiki nzima ya msimu wa watu wengi na wiki nyingine ya msimu mtulivu, kwa sababu kila mji una tabia yake. Abiria anayetoka Morogoro kwa basi, au Unguja kwa boti, hawezi kukadiria foleni ya magari ya Dar es Salaam, hivyo huondoka mapema sana na kufika kiwanjani saa tano au sita kabla ya safari. Huyo haongezi mzigo kwenye kaunta wakati huo, bali anahitaji mahali pa kukaa upande wa umma, yaani kabla ya ukaguzi wa usalama, mpaka kaunta zifunguliwe. Asipopewa viti ataketi sakafuni karibu na kaunta, na eneo ulilolihesabu kuwa la foleni litakuwa limeshaliwa kabla foleni haijaanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kila kituo

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, nami nashauri hesabu hizi zifanywe kwa mkono kwanza kabla ya kukabidhiwa programu ya kompyuta, ili anayepanga ajue namba inatoka wapi.

Anza na chekini. Tuchukulie kila abiria wa safari ndefu mwenye mizigo huchukua dakika 2.5. Kaunta moja basi inahudumia abiria 24 kwa saa, na abiria 300 wanahitaji kaunta 12.5, yaani 13. Lakini kaunta 13 zitakuwa zikifanya kazi kwa asilimia 96 ya uwezo wake, na hapo ndipo wengi hukosea. Abiria hawaji mmoja mmoja kwa mpangilio. Huja familia ya watu saba, kisha basi la watalii, kisha dakika kumi hakuna mtu. Kituo kinachotumika karibu na ukomo wake hakipati nafasi ya kujikwamua baada ya kundi kubwa, na foleni yake hukua tu. Lenga asilimia 80 hadi 85. Kaunta 15 zinatoa uwezo wa abiria 360 kwa saa, sawa na matumizi ya asilimia 83, na hizo ndizo za kujenga.

Eneo la foleni hupatikana kwa kanuni nyepesi: idadi ya watu waliomo kwenye foleni ni sawa na idadi ya wanaofika kwa saa ukizidisha na muda ambao kila mmoja husubiri. Umoja wa mashirika ya ndege duniani, IATA, katika mwongozo wake wa uendelezaji wa viwanja, unaona kwamba kusubiri dakika 10 hadi 20 kwenye kaunta za daraja la kawaida ni kiwango kinachofaa, na kwamba kila abiria apewe mita za mraba 1.3 hadi 1.8. Tukichagua dakika 15, yaani robo saa, watu 300 mara robo ni watu 75. Kwa kuwa abiria wetu husafiri na masanduku makubwa na toroli, chukua mita 1.8: unapata mita za mraba 135 za foleni pekee, mbali na njia ya kupita watu wasio kwenye foleni. Njia hiyo ya kupita iwe kati ya mlango na mkia wa foleni, na isiruhusiwe kumezwa.

Uhamiaji huhesabiwa vivyo hivyo. Ikiwa kila abiria huchukua sekunde 75, dirisha moja hupitisha watu 48 kwa saa; madirisha 7 yanatosha kwenye karatasi, na 8 yanatosha kwa kweli, yakiwa na uwezo wa watu 384. Tenga foleni kwa jinsi kazi inavyotofautiana, si kwa heshima. Raia mwenye pasipoti ya kielektroniki ni kazi ya sekunde chache, na anaweza kupita kwenye mageti ya kujihudumia. Mgeni ambaye kibali chake cha ukaazi kinapaswa kusomwa ni kazi ya dakika kadhaa. Ukiwachanganya, wote watakwenda kwa mwendo wa yule wa polepole.

Ukaguzi wa usalama ndio kituo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa mwendo wake unategemea zaidi abiria kuliko mashine. Njia moja ya kawaida yenye eksirei na mlango wa kugundua chuma tuipe abiria 150 kwa saa. Njia mbili ni 300 kamili, bila nafasi ya kupumua, hivyo jenga tatu. Kinachochelewesha si mashine kusoma picha, ni meza fupi. Abiria anavua mkanda, anatoa kompyuta, anatafuta chupa ya maji aliyoisahau, na nyuma yake kuna mtu aliyekwisha kujiandaa lakini hana pa kuweka trei. Refusha meza ya kujiandaa ili watu watatu au wanne wajiandae kwa pamoja, na refusha zaidi meza ya upande wa pili, pale wanapovaa viatu na kukusanya vitu vyao, kwa maana mkanda wa mashine hujaa na kusimama kwa sababu trei za waliokwisha kukaguliwa hazijaondolewa. Mita chache za meza huongeza mwendo kuliko mashine ya tatu iliyobanwa ukutani. Kwa foleni, IATA inapendekeza dakika 5 hadi 10 na mita za mraba 1.0 hadi 1.2 kwa mtu. Watu 300 kwa sehemu ya sita ya saa ni watu 50, sawa na mita za mraba 55.

Sasa panga namba za uwezo wa vituo vyako kwa mfuatano: chekini 360, uhamiaji 384, usalama 450. Kila kituo kinapitisha zaidi kidogo ya kile kilichokitangulia, na mkondo hautuami. Tazama kinachotokea ukivunja ulinganifu huo. Meneja mwenye nia njema anaongeza kaunta za chekini kufikia 20, uwezo wa watu 480 kwa saa, lakini usalama unabaki na njia mbili za watu 300. Wimbi kubwa likija, ndani ya nusu saa kaunta zinatoa watu 240 ilhali usalama umepitisha 150; watu 90 wamekusanyika kati ya kaunta na eksirei, na wa mwisho wao atasubiri dakika 18. Fedha zimetumika, na foleni imehama tu, tena imehamia mahali pabaya zaidi, karibu na muda wa kupanda ndege.

Hesabu hizi zote zinadhani kuna mtu nyuma ya kila kaunta. Kaunta isiyo na mhudumu ni samani. Zamu za uhamiaji na za walinzi zipangwe kwa ratiba ya ndege na si kwa saa za ofisi, na makubaliano hayo yaandikwe wakati wa usanifu, kabla jengo halijakabidhiwa.

Hatua ya 4: Amua mahali pa ukaguzi, na uache nafasi ya sheria kubadilika

Hakuna mfano unaofundisha zaidi kuliko Kansas City, nchini Marekani. Kiwanja kilichofunguliwa huko mwaka 1972 kilikuwa na majengo matatu ya umbo la kwato, membamba kiasi kwamba abiria alishuka kwenye gari na kutembea hatua chache tu hadi geti lake. Kwa wakati ule lilikuwa wazo zuri mno. Lakini utekaji wa ndege ulikuwa umeongezeka, na kuanzia Januari 1973 serikali ya Marekani ikalazimisha abiria wote wakaguliwe kabla ya kupanda. Jengo lisilo na kitovu halikuwa na mahali pamoja pa kuwakagua watu. Ikabidi vituo vya ukaguzi viwekwe kwa kila kikundi kidogo cha mageti, kila kimoja na mashine na walinzi wake, na abiria akishapita alijikuta kwenye chumba chembamba kisicho na huduma za kutosha. Shirika la ndege la TWA, lililokuwa mteja mkuu, hatimaye lilihamishia St. Louis kituo chake kikuu cha kuunganisha safari. Jengo moja jipya lenye ukaguzi wa pamoja lilifunguliwa Februari 2023.

Kwa jengo la ukubwa wa kati, ukaguzi wa pamoja ndio ninaoupendekeza bila kusita. Walinzi wachache huhudumia ndege zote, njia moja ikiharibika nyingine zinaendelea, na abiria akishakaguliwa anakuwa huru kutembea, kula na kusali. Acha eneo la ziada pembeni mwa njia za usalama, lenye sakafu iliyoimarishwa na umeme wa kutosha, kwa ajili ya mashine kubwa na nzito zitakazokuja. Masharti ya ukaguzi hubadilika ghafla: mwaka 2006 pekee yalianza matakwa ya kimataifa ya kukagua mizigo yote inayoingia tumboni mwa ndege, na baadaye mwaka huohuo likaja sharti la vimiminika visivyozidi mililita 100.

Afrika Mashariki tuna kituo cha nyongeza ambacho vitabu vingi vya ng'ambo havikitaji: eksirei ya mlangoni, inayokagua kila mzigo kabla haujaingia ukumbini. Ikiwa mamlaka zinautaka ukaguzi huu, upangiwe kama kituo kamili chenye hesabu yake, si mashine iliyosogezwa mlangoni baada ya ujenzi kwisha. Foleni yake ipate paa pana dhidi ya mvua na jua, na isiangukie kwenye barabara ya magari. Ikumbukwe pia kwamba umati uliokusanyika kabla ya ukaguzi wowote ni hatari yenyewe. Mashambulizi ya mwaka 2016 katika ukumbi wa kuondokea wa Brussels na katika kiwanja cha Atatürk, Istanbul, yaliwalenga watu waliokuwa upande wa umma. Kwa hiyo foleni ya mlangoni ikiwa ndefu, usalama umepungua, haukuongezeka.

Kati ya uhamiaji na ukaguzi wa mwili, kipi kitangulie? Naona uhamiaji utangulie pale ambapo abiria wengi hurudishwa kwa sababu ya nyaraka, kwa kuwa anayerudishwa baada ya ukaguzi wa mwili itabidi asindikizwe kutoka katika eneo la waliokwisha kukaguliwa na kukaguliwa upya atakaporejea. Kwa vyovyote, Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago kinakataza waliokaguliwa kuchangamana na wasiokaguliwa, na mlango wowote unaounganisha pande hizo mbili, hata ule wa wafanyakazi wa jikoni, unapaswa kuonekana kwenye mchoro wako wa kwanza.

Hatua ya 5: Nyoosha njia

Abiria anayeona aendako hahitaji kuuliza. Jengo la Stansted nchini Uingereza, lililosanifiwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1991, lilijengwa juu ya wazo hilo: abiria aingie mlangoni na kuelekea moja kwa moja kwenye ndege katika ghorofa moja, huku mitambo ya hewa na mizigo ikiwa chini ya sakafu. Baadaye maduka na vituo vikubwa vya ukaguzi viliingia katikati na uwazi ule ukafifia. Ndiyo maana mstari wa macho kutoka mlangoni hadi ukaguzi wa usalama unapaswa kulindwa kwa maandishi katika mkataba wa uendeshaji, pasiwekwe kibanda cha kubadilishia fedha wala bango la tangazo.

Umbali wa kutembea bila mkanda wa kusogeza watu usizidi mita 300 hivi. Kila kupanda na kushuka ngazi ni gharama, hivyo abiria abadilishe ghorofa mara moja tu, na ikiwezekana kabla hajawa na haraka, yaani barabara ya kushushia abiria iwe juu na ya wanaowasili chini.

Umbo la jengo ndilo linaloamua kama litakua. Paul Andreu alisanifu Jengo la Kwanza la kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, lililofunguliwa mwaka 1974: duara la zege lenye mirija ya ngazi za umeme inayokatiza katikati. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini duara halina ncha ya kurefushia. Andreu huyohuyo ndiye aliyesanifu Jengo la Pili la JNIA, lililofunguliwa mwaka 1984. Kwa nchi ambayo idadi ya abiria inaongezeka, chagua umbo la mstari ulionyooka, lenye ncha mbili zilizoachwa wazi, na usipange vyoo, jenereta au ofisi kwenye ncha hizo.

Hatua ya 6: Mizigo

Begi lina safari yake chini ya sakafu, nalo lina bajeti ya muda kama mwenyewe. Mkanda wa chekini uingie moja kwa moja kwenye mashine ya kukagua, na begi lenye shaka litolewe pembeni bila kusimamisha mengine. Weka njia ya pili ya kulifikisha begi kwenye ndege mkanda mkuu ukikwama, hata kama ni lifti ya mizigo na matoroli. Kiwanja cha Denver kilifunguliwa Februari 1995 kikiwa kimechelewa miezi 16, na sababu kubwa ilikuwa mfumo wa mizigo wa kujiendesha uliokuwa mgumu mno; mfumo huo uliachwa mwaka 2005. Kwa jengo la ndege chache, mkanda mwepesi unaoeleweka na mafundi waliopo nchini ni bora kuliko mtambo unaosubiri fundi kutoka ng'ambo.

Hatua ya 7: Ukumbi wa kusubiri na geti

Turudi kwenye Boeing 787-8 yetu. Ikijaa kwa asilimia 85 ina abiria 223. Tuchukulie asilimia 80 wapo getini kwa wakati mmoja, ambao ni 178. Wakiketi 125 kwa mita za mraba 1.7 kila mmoja, na kusimama 53 kwa mita 1.2, geti linahitaji mita za mraba 276 hivi. Foleni ya kupanda ndege ielekezwe sambamba na viti, isikatize ukumbi, kwa maana geti la jirani nalo lina watu wake.

Maduka yasiyotozwa ushuru huingiza fedha, na hakuna ubaya. Yawe pembeni mwa njia au baada ya ukaguzi, ambapo abiria ametulia, na kila duka liwe na skrini ya ratiba ya ndege inayoonekana kutoka ndani.

Chumba cha sala na mahali pa kutawadha ni sehemu ya mkondo wa abiria katika pwani yetu, si pambo. Ndege ya Ghuba inayopandisha watu muda wa Magharibi itakuwa na makumi ya abiria wanaotaka kusali kwa pamoja. Pasipokuwa na mahali, watatawadha kwenye masinki ya vyoo na kusali kwenye njia za kupita. Weka chumba upande wa ndege, karibu na mageti, cha wanaume na cha wanawake, na kiwe na uwezo unaolingana na ndege kubwa moja.

Hatua ya 8: Wale ambao hesabu ya wastani haiwaoni

Msimu wa Hija huleta ndege nzima ya watu wanaosafiri kwa kundi, wengi wao wazee, na wengi wakiwa ndani ya kiwanja cha ndege kwa mara ya kwanza. Sekunde 75 za uhamiaji haziwahusu. Tenga kaunta zao mapema, wapokee saa kadhaa kabla ya wimbi la jioni, na ruhusu kiongozi wa kundi awasilishe pasipoti zote pamoja. Viti vya magurudumu vikusanywe mlangoni, si ndani, na mteremko wowote usizidi mwinuko wa 1 kwa 12, yaani mita 1 kwenda juu kwa kila mita 12 za kwenda mbele.

Wasindikizaji nao ni wengi kwetu. Kijana anayekwenda kufanya kazi Oman au Saudia huagwa na ukoo, na kuwakataza tu kuingia hakuwaondoi, huwahamishia barabarani. Wape baraza yenye kivuli, viti na choo nje ya mlango wa eksirei, na mahali penye kioo wanapoweza kumwona mtu wao akielekea uhamiaji. Abiria aliyeagwa vizuri hageuki nyuma mara tatu kwenye foleni.

Alama za maelekezo ziandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa herufi kubwa, rangi moja kwa yote yanayohusu safari na nyingine kwa choo, chakula na maduka. Kiwanja cha Schiphol, Uholanzi, kimetumia mgawanyo wa namna hii tangu mpango wa msanifu Benno Wissing wa mwaka 1967.

Hatua ya 9: Njia mbadala

Agosti 7, 2013, moto uliteketeza ukumbi wa wanaowasili wa kimataifa katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Kabla ya kuidhinisha mchoro, funika kwa mkono kila ukumbi mmoja kwa zamu na ujiulize abiria wa saa ya kilele watapita wapi bila huo. Kuta za kuzuia moto zitenganishe kumbi, na nyaya za mawasiliano na umeme zisipite zote katika mfereji mmoja. Umeme wa dharura ulishe kwanza ukaguzi wa usalama, uhamiaji na mkanda wa mizigo, ndipo viyoyozi.

Hatua ya 10: Jaribu, fungua kidogokidogo, kisha pima

Jengo la Tano la kiwanja cha Heathrow, London, lilifunguliwa Machi 27, 2008 likiwa zuri na jipya, na siku hiyohiyo likakwama: wafanyakazi walichelewa kupata maegesho na kupita ukaguzi wao wenyewe, mfumo wa mizigo ukazidiwa, na mamia ya safari yakafutwa katika siku zilizofuata. Hivyo alika watu wa kawaida, wazee, watoto na wasiojua kusoma, uwape tiketi za majaribio na mabegi yenye uzito wa kweli, na uwapitishe kwa idadi ya saa ya kilele angalau mara kadhaa. Jaribio moja lifanywe umeme ukiwa umekatwa kwa makusudi. Wafanyakazi nao wajaribu njia yao, tangu kituo cha basi hadi nyuma ya kaunta. Kisha hamisha ndege chache kwa wakati, ukianza na zile ndogo.

Baada ya kufungua, pima muda wa kusubiri katika kila kituo kila baada ya dakika 15, na wawakilishi wa mashirika ya ndege, uhamiaji na usalama wakutane kila wiki mbele ya namba hizo pamoja na ratiba ya wiki mbili zijazo. Kituo kinachozidi dakika zake siku tatu za wiki moja kiongezewe mtu kwanza, kirefushiwe meza pili, na kuta zisiguswe mpaka hayo mawili yamejaribiwa.